Ruhusa ya Goosey

Jumatano ya tarehe kumi na tatu Machi, mwaka 2013, Wilf Tuckett alifungua kinywa mbele ya watu wote wa Combe Lacey na kuupoteza uwanja wa Goosey. Hakuupoteza kwa kusema uongo. Angesema uongo, uwanja ungekuwepo mpaka leo.

Ilikuwa ndani ya ukumbi wa kijiji, ule wenye paa la bati, na mvua ilikuwa inapiga hata watu wakalazimika kupaza sauti. Viti vya plastiki vilipangwa kama vya harusi ya koo mbili zisizopendana: upande wa dirishani wanakijiji na makoti yao yaliyolowa, upande wa mlangoni watu wa kampuni ya ujenzi na mikoba yao mikavu. Mbele alikaa mwamuzi aliyetumwa na kaunti, mwanamume mwembamba mwenye soksi nyekundu, ambaye aliomba dirisha lifungwe, kisha akaomba lifunguliwe, kisha akaomba radhi kwa kusumbua.

Jambo lenyewe lilikuwa moja. Goosey ni konde la nyasi nyuma ya kanisa. Lilikuwa mali ya Reg Hallett, mkulima. Reg alipokufa likaenda kwa mpwa wake anayeishi mbali, na mpwa akakubaliana na kampuni ijenge hapo nyumba arobaini na nne. Wanakijiji wakawahi, kabla ramani hazijatangazwa, wakapeleka maombi kwamba Goosey iandikwe kuwa uwanja wa kijiji. Ikishaandikwa hivyo, hakuna wa kuchimba msingi pale, awe na pesa awe hana. Sheria ya nchi ile inasema watu wakicheza na kutembea kwenye ardhi ya mtu miaka ishirini mfululizo, kama wenye haki, basi haki inakuwa yao. Na watu wa Combe Lacey walikuwa wamecheza Goosey tangu enzi za babu zao.

Wilf hakuwa kwenye orodha ya mashahidi. Alikuwa mkamuaji wa ng'ombe aliyestaafu, miaka sabini na mmoja, shule aliiacha akiwa na miaka kumi na mitano na hajawahi kuijutia isipokuwa siku hiyo. Shahidi aliyepangwa, bibi mmoja wa miaka tisini, aliamka na homa, na Bi Rosalind Amory, mwenyekiti wa kamati ya kupinga nyumba, akampigia Wilf simu akiwa bado anakunywa chai ya asubuhi.

"Wewe sema tu ulichokiona, Wilf," alimwambia. "Umeishi hapa maisha yako yote. Ukiwa wewe mwenyewe inatosha."

Basi akaenda kuwa yeye mwenyewe. Alivaa suti ya siku ya mazishi ya mkewe Avis, akakaa kwenye kiti cha shahidi na mikono juu ya magoti. Wakili wa kijiji alipomuuliza, alijibu vizuri. Alieleza watoto walivyoteleza na trei za chai wakati wa theluji, mbwa walivyofukuzana, moto mkubwa wa Novemba ulivyowashwa pale kila mwaka na viazi vikachomwa kwenye majivu. Watu upande wa dirishani walitikisa vichwa kwa furaha. Bi Rosalind alimwinulia kidole gumba.

Kisha akasimama wakili wa kampuni. Wilf alitegemea kuona mtu wa kutisha, kumbe binti wa watu, Bi Farrant, sauti ya taratibu, kama muuguzi anayeuliza kama umelala vizuri.

"Bwana Tuckett, huo moto wa Novemba wewe ndiye uliyekuwa ukiusimamia?"

"Miaka ishirini na sita. Kabla yangu baba mkwe."

"Kazi kubwa. Na marehemu Bwana Hallett mlielewana?"

"Na Reg? Sana. Alikuwa bahili wa maneno, ila mtu mwema."

"Ninavyokuona umelelewa vizuri. Sidhani kama wewe ni mtu wa kuingia tu kwenye ardhi ya mwenzio, kama ng'ombe aliyevunja uzio."

Watu walicheka, na Wilf naye akacheka. Ng'ombe alikuwa anawajua.

"Hapana, bibie. Mimi nilikuwa nakwenda kuomba. Kila mwaka mavuno yakiisha. Naingilia mlango wa nyuma na mtungi wa pombe ya matufaha, na Avis, marehemu mke wangu, alikuwa anaoka keki ya zabibu. Namwambia, Reg, tuendelee na Goosey mwaka mwingine? Naye anasema, endeleeni, ila geti mfunge."

"Kuendelea na ule moto?"

Wakili wa kijiji alisimama ghafla. Wilf alimtupia jicho, akadhani amefurahi.

"Moto na kila kitu," alisema, na sasa sauti yake ilikuwa imepanda kidogo, maana alitaka watu wa mikoba wasikie vizuri wanashughulika na watu gani. "Mbwa, watoto, theluji. Naomba kwa niaba ya kijiji kizima. Sisi si wezi. Hapa hatukanyagi mali ya mtu bila ruhusa."

"Na ruhusa mlipewa."

"Kila mwaka. Hakukosa hata mmoja mpaka alipokufa."

Bi Farrant aliketi. Hakutabasamu, na Wilf baadaye alimheshimu kwa hilo. Mwamuzi aliandika kwa muda mrefu. 

* * *

Wakati wa mapumziko Bi Rosalind alimfuata karibu na meza ya chai. Uso wake ulikuwa mweupe, lakini sauti ilikuwa ileile ya kuwasemesha wazee.

"Wilf. Kwa nini hukuniambia?"

"Nikwambie nini?"

"Kwamba ulikuwa unaomba."

"Hukuniuliza. Uliniuliza kama kuna aliyetuzuia. Hakuna aliyetuzuia."

Alifumba macho kidogo. "Sheria inataka watu wawe wameingia bila nguvu, bila kujificha, na bila ruhusa. Bila ruhusa, Wilf. Ukimwomba mwenye mali, umekiri kwamba si haki yako. Akikukubalia, ni hisani yake. Na hisani haihesabiwi, hata ifike miaka mia."

Wilf alishika kikombe kwa mikono miwili. "Yaani tungevamia tu."

"Si kuvamia."

"Tungeingia bila kusema neno kwa mwenyewe, miaka ishirini, ingekuwa yetu?"

"Ndiyo."

"Na hilo wengine mlikuwa mnalijua?"

"Tulilieleza kwenye mkutano wa Januari. Hukuja."

Hakwenda kwa sababu mkutano ulikuwa nyumbani kwake Bi Rosalind, kwenye ile nyumba kubwa aliyokuwa akiishi kasisi zamani, na mara ya mwisho Wilf alipoingia mle aliombwa avue viatu, akabaki ameketi kwenye kiti cha hariri na soksi yenye tundu mbele ya wageni wa kutoka London. Lakini hayo hayasemwi. Alisema, "Nilikuwa na mafua."

Glenda Stickland wa dukani alikuwa anapitisha sahani ya biskuti. Alimpa Bi Rosalind, akampa mtu aliyesimama nyuma ya Wilf, akarudi nayo mezani.

* * *

Nyuma ya nyumba ya Wilf, pale palipokuwa na banda la kuku, palikuwa na karavani, na ndani ya karavani aliishi binti yake Tamsin. Alikuwa na miaka thelathini na minane. Kazi yake ilikuwa kuogesha na kulisha wakongwe katika nyumba ya wazee iliyo barabara ya mjini, na mshahara wa kazi hiyo haukutosha kupanga hata chumba katika kijiji alichozaliwa. Nyumba ya Wilf nayo haikuwa ya Wilf. Ilikuwa ya tajiri wa shamba alilokuwa akikamulia. Angekaa humo mpaka afe, kisha ingeuzwa kwa mtu wa kuja Ijumaa na kuondoka Jumapili, kama zilivyouzwa tatu za jirani.

Ndiyo maana neno Goosey lilikuwa halitajwi sana baina yao. Kati ya zile nyumba arobaini na nne, kumi na mbili ziliahidiwa kuwa za bei nafuu, za watu wa hapo hapo, na jina la Tamsin lilikuwa la tatu kwenye foleni. Wilf hakuwa mtu wa kuwanyima watu nyumba. Alisema tangu mwanzo kwamba zijengwe kwenye karakana ya zamani kule bondeni, yenye sakafu ya saruji tayari. Wakubwa wa wilaya walisema karakana haina faida. Walisema faida, hawakusema nafasi.

Jioni ile Tamsin aliingia na sare yake ya kazi, akamkuta baba yake amekaa jikoni bila kuwasha taa.

"Nimesikia," alisema. "Glenda kanieleza nikinunua maziwa. Kanieleza kwa sauti, duka zima likafaidi."

"Kasema nini?"

"Kasema baba yako ni mtu muungwana sana." Alivua viatu. Miguu ilikuwa imevimba. "Sijawahi kumsikia mtu akimtukana mtu kwa neno zuri namna ile."

"Tam, mimi sikujua."

"Najua hukujua. Ungejua ungekuja kunitaka ushauri, nami ningekwambia danganya, nawe usingedanganya, tukafika palepale."

Alicheka kidogo, kisha hakucheka tena. Aliwasha taa, akachungulia sufuria, akaona viazi vimemenywa lakini maji hayajachemshwa.

"Kumbe ungenishauri nidanganye?" Wilf aliuliza. "Wewe ndiye unayezitaka hizo nyumba."

"Nataka nyumba, baba. Sijasema nataka hivi." Alikaa. "Kila siku kule kazini namgeuza bibi mmoja kitandani, ananiuliza Goosey bado ipo? Alicheza pale. Namwambia ipo, bibi, nyasi zimeota. Sasa nikiipata hiyo nyumba nitamwambia nakaa wapi?"

Wilf akawasha jiko.

* * *

Hata majira ya kuchipua yalipofika, maneno yalikuwa yameshakua na kuota miguu. Mwanzoni watu walisema Wilf ni mjinga, na hilo angelivumilia, amelisikia tangu shuleni. Kisha mtu akakumbuka foleni ya nyumba za bei nafuu na jina la tatu. Baada ya hapo Wilf hakuwa mjinga tena, akawa mjanja.

Alhamisi moja alikwenda baa kama kawaida, timu ya kijiji ilikuwa inacheza mchezo wa kuangusha pini za mbao kwa mpira dhidi ya kijiji cha pili. Alikuwa amecheza timu ile tangu Avis akiwa mchumba. Kwenye ubao jina lake lilikuwa limefutwa, na juu ya vumbi la chaki liliandikwa jina la kijana wa kuletwa.

"Clive," alimwita nahodha, "mimi leo sichezi?"

Clive alikuwa anafuta mpira kwa kitambaa, akaufuta sana. "Tumeona upumzike, Wilf. Bega lako lile."

"Bega langu halina kitu."

"Basi tumeona upumzike."

Mtu mmoja wa pembeni, aliyeshalewa, alisema bila kugeuza shingo, "Mwulize kwanza Clive kama anakupa ruhusa ya kukaa." Wengine waliangalia glasi zao. Wa kucheka hakuwepo, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Wilf alimaliza bia yake yote, maana kuiacha ingekuwa kukiri, akaagana na kila mmoja kwa jina, akatoka.

Dukani nako Glenda alimpimia jibini, akaifunga vizuri, akamuuliza kwa upole, "Tamsin ameshachagua mapazia?"

"Mapazia ya wapi?"

"Aa, nauliza tu. Nyumba mpya inataka mapazia mapya."

Wilf aliweka noti juu ya meza. Glenda alirudisha chenji kwa kuiweka mezani pia, si mkononi, yeye ambaye alishika mkono wa Wilf saa nzima siku ya mazishi ya Avis. Wilf aliokota sarafu moja moja. Kucha zake zilikuwa fupi na sarafu ziling'ang'ania, na nyuma yake palikuwa na watu wawili wakisubiri.

* * *

Mwezi wa Julai kaunti ikatoa uamuzi. Watumiaji wa Goosey waliingia kwa ruhusa ya mwenye ardhi, kwa hiyo maombi yamekataliwa. Mwamuzi aliandika kwamba ushahidi wa Bwana Tuckett ulikuwa wa kweli na wa wazi kuliko wote alioupokea. Bi Rosalind alikuja kumsomea Wilf sehemu hiyo akiwa amesimama mlangoni.

"Nilidhani ungependa kuisikia," alisema.

"Kwa nini?"

Alikunja karatasi. "Watu wana hasira, Wilf. Zitapoa."

"Zako zimepoa?"

"Mimi nimechoka tu." Akatazama upande wa karavani, ambako nguo za kazi za Tamsin zilikuwa zimeanikwa. "Nitakueleza kabla hujasikia kwa Glenda. Tunauza. Kelele za ujenzi, na malori, miaka mitatu... Mume wangu moyo wake hauwezi."

"Mnaenda wapi?"

"Kuna kijiji kizuri upande wa pwani. Hakijaguswa."

Wilf alimtakia safari njema, na alimaanisha, kwa sababu hasira yake haikuwa kwa yule mama. Alipigania uwanja ule kuliko wengi waliozaliwa hapo. Ila Wilf alikaa siku nzima akiwaza jinsi wengine wanavyoweza kushindwa kisha wakahama, na wengine wakishindwa wanabaki ndani ya kushindwa kwenyewe, wakinunua jibini humo humo.

Nyumba arobaini na nne zilipitishwa kabla ya Krismasi. Wakubwa wa wilaya waliinua mikono dakika chache, wakaenda kula. Mwaka uliofuata matrekta yaliingia Goosey kwa kubomoa geti lile lililokuwa likifungwa kila siku, yakang'oa nyasi na mizizi. Wilf alitazama mara moja tu, kisha akawa anazunguka njia ya juu kwenda kanisani, ingawa goti lake halikupenda kilima.

Barua ya wilaya kwa Tamsin ilikuja msingi ukiwa umeshamwagwa. Kampuni iliwaambia wakubwa kwamba ardhi ya Goosey imeonekana kuwa na maji mengi chini, mitaro itagharimu kuliko ilivyodhaniwa, na faida iliyobaki haitoshi kubeba nyumba za bei nafuu. Wakubwa walizungumza na kampuni. Kampuni ilisikitika. Wakakubaliana kwamba nyumba za bei nafuu zitakuwa sifuri.

"Ardhi ina maji," Tamsin alisema, barua mkononi. "Sasa ndiyo wanajua? Kila mtoto wa hapa amezama kwenye tope la Goosey mpaka magotini. Wangeniuliza mimi."

"Zile zingine thelathini na mbili maji hayazioni?"

"Maji yanajua bei, baba."

Wiki hiyo hiyo mwenye shamba, yule mwenye nyumba ya Wilf, alituma ujumbe wa heshima. Wageni wa nyumba mpya watapita njia ile, na karavani haipendezi. Angeshukuru ikiondolewa kufikia mwisho wa Agosti. Tamsin alipiga simu wilayani. Walimpa chumba na jiko katika mji ulio mwendo wa saa moja na nusu kwa gari, akitaka achukue, asipotaka wapo wengine. Ilimbidi aache kazi kwa wale wakongwe wake. Alichukua.

* * *

Baraza la wilaya lilikuwa na desturi ya kumpa raia dakika tatu za kusema kabla ya kikao kuanza. Wilf hakuwahi kusema popote tangu ile siku ya ukumbini. Jumanne ya mwisho ya Agosti alivaa ile suti, akapanda basi, akajiandikisha, akasubiri zamu yake nyuma ya mwanamke aliyelalamikia mapipa ya taka.

Alipoitwa, alisimama akashika ukingo wa kiti kilichokuwa mbele yake. Mbele walikaa wakubwa, kila mmoja na glasi ya maji. Kijana wa kampuni alikuwepo pia, pembeni, anasoma simu.

"Mimi naitwa Wilf Tuckett, wa Combe Lacey. Mimi ndiye niliyesema kuhusu ruhusa." Alitazama nyuso zao, akaona hakuna anayejua ni ruhusa gani. "Tulikuwa na uwanja. Mlituambia uwanja uende kwa sababu watoto wetu hawana pa kukaa. Na mimi nilikubali hilo lina ukweli, maana wa kwangu alikuwa anakaa kwenye karavani. Uwanja umekwenda. Na nyumba za watoto zimekwenda. Binti yangu anahama kesho. Sijaja kugombana. Nataka kuelewa tu, waheshimiwa. Vilikuwa vitu viwili, na vyote viwili hatunavyo. Nani anavyo?"

Mwenyekiti wa baraza alimtazama mwanasheria wa baraza. Mwanasheria alimtazama mtu wa mipango. Mtu wa mipango alimtazama kijana wa kampuni, na kijana akainua macho kwenye simu akatabasamu kama mtu aliyeitwa na asijue aliyemwita.

"Bwana Tuckett," alisema mwenyekiti, "tunakushukuru sana kwa kuja kwenye kikao hiki na kutueleza hisia zako. Kwa niaba ya wajumbe wote, asante sana." Akageuza ukurasa.

Wilf alibaki amesimama. Alidhani kuna kinachofuata. Mwanamke wa mapipa akamvuta kidogo mkono wa koti, akamwambia taratibu, "Ndiyo imekwisha, mpenzi. Kaa."

Alipofika nyumbani Tamsin alikuwa anafunga vyombo vya jikoni kwenye magazeti. Masanduku yalijaa njia hata Wilf akapita ubavuubavu. Tamsin alimfungulia kifungo cha juu cha shati, akamsogezea kiti, akamwekea chai.

"Wamekusikiliza?"

"Wamesikiliza."

"Wamesemaje?"

Wilf aliikoroga chai yake, ingawa sukari haikuwemo. "Wamesema asante."

Tamsin alikuwa na sahani mkononi, nusu imefungwa gazeti, nusu bado. Alimtazama baba yake, akasubiri, kisha akauliza kwa sauti ya chini kabisa, kama mtu anayeuliza njia.

"Asante ya nini, baba?"